Maswali ya Mgeni Mlangoni mwa Kompyuta

Kijana wa Busawe, mkoani Mara, aketipo mara ya kwanza mbele ya kompyuta ili ajifunze kuandika programu, hupokewa na safu ya maneno machache yaliyowekwa kuwa mlango. Wenye fani wameyazoea hata hawayaoni tena. Mgeni huyaona, naye huuliza. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kikishirikiana na wataalamu wa Sweden, kilitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zenye sura ya Kiswahili. Kazi hiyo yastahili heshima. Hata hivyo, msamiati wa kompyuta uliokwisha kuenea haujahakikiwa vya kutosha kwa jicho la anayeanza. Mathalani neno hifadhi, litumikalo kwa amri ya kuweka kazi isipotee. Kwa mtu wa Mara, hifadhi kwanza ni Serengeti: ardhi yenye mipaka, ambamo ni marufuku kuchunga ng'ombe. Akiuliza kama hapo anakatazwa kuingia, haulizi upuuzi. Tena neno hilo ni jina, na ni kitenzi vilevile. Likisimama peke yake halimwambii kama yeye anaiamuru mashine au mashine inamwamuru yeye. Kiingereza kina utata wa namna hiyo, lakini Kiswahili hakikulazimika kuurithi. "Weka kazi" ingeeleweka mara moja.

Kisha kuna mpaka. Wakurya wanakaa Tanzania na Kenya pia, na avukaye Sirari hukuta vitabu vya shule vikiita tarakilishi kile alichozoea kukiita kompyuta. Tarakilishi limeundwa kwa ustadi, kutokana na tarakimu na akili. Ila ustadi wa muundaji si ufahamu wa msomaji.

Swali zito zaidi liko ndani ya mlango. Lugha za programu zitumikazo sana, kama Python iliyotolewa mwaka 1991, zina maneno ya amri ya Kiingereza. Mtoto aliyezungumza Kikurya au Kingoreme nyumbani, akasoma kwa Kiswahili shule ya msingi na kwa Kiingereza sekondari, hubadilishiwa lugha tena, na akishindwa hudhani kasoro ni ya akili yake. Nayo maneno yenyewe, katika Python ya sasa, hayafiki 40. Faharasa ya ukurasa mmoja, yenye maana na mfano kwa Kiswahili, yaweza kubandikwa kando ya kila mashine. Na kazi ya mwaka 2004 ilikwisha onyesha kwamba watu wa kuiandika wapo.