Boga la Siku ya Shukrani

Miongoni mwa sanaa ambazo mikono ya binadamu imejaliwa, iliyo haba ya sifa kuliko zote ni upishi wa mtu aliye mbali na kwao, ambaye ladha aliyolelewa nayo anayo moyoni, lakini viungo, vyombo na moto wa kuitengenezea ameviacha ng'ambo ya bahari. Mpishi aliye nyumbani hufuata mazoea, na mazoea humfichia makosa mengi. Mpishi wa ugenini hana budi kuwa mwanafunzi na fundi kwa wakati mmoja, kwani kila kitu anachokikosa humlazimisha kukitafutia kaimu, na kila kaimu huja na tabia zake.

Nayasema haya kwa sababu ya bibi mmoja wa Kimarekani, mwalimu mstaafu, aliyekaa miaka mingi katika ghorofa ya pili ya nyumba ya mawe karibu na Darajani, Unguja, na ambaye majirani, wakubwa kwa wadogo, tulimwita Bi. Mwalimu. Kila ilipowadia Alhamisi ya nne ya Novemba, iliyo Siku ya Shukrani kwao, aliwaalika Wamarekani wenzake waliokuwapo mjini, na sisi jirani zake pamoja nao, kwenye karamu ambayo kwa desturi ya kwao haikamiliki bila bata mzinga, viazi vitamu na pai ya boga. Bata mzinga sina mengi ya kumsema: wa kwetu hutembea mno na kula kidogo, nyama yake ni ngumu, na Bi. Mwalimu alimchemsha kabla ya kumwoka, jambo ambalo wageni wake walilinong'onea lakini hawakuacha kula. Sifa zangu zote naziweka kwenye pai.

Boga alilichagua mwenyewe sokoni, akiligonga kwa kifundo cha kidole na kulitegea sikio, akilirudisha hili na kulinyanyua lile, hata muuzaji akaishiwa na subira. Walakini boga la kwetu, pamoja na utamu wake, lina maji mengi, nayo ni adui wa pai. Jirani yake, bibi wa Kiunguja aliyesifika mtaani kwa mkate wa kumimina, alilitazama mara moja tu akasema, "Bi. Mwalimu, hili maji matupu. Tulitie kifumbuni." Basi boga lilipikwa kwa mvuke, likapondwa, likatiwa katika kifumbu kile kile kilichotumika kuchujia tui, likatundikwa usiku kucha juu ya bakuli, asubuhi bakuli lilikuwa na maji ya manjano, na kifumbuni mlibaki boga zito, kavu, lenye rangi ya dhahabu iliyokolea. Maziwa mazito ya mkebe, ambayo wapishi wa kwao wameyazoea, aliyaacha, akatia kasimile. Mdalasini, tangawizi, kungumanga na karafuu za Pemba zilitwangwa siku ile ile, na nyumba nzima hadi ngazi za chini ilijaa harufu ambayo mpita njia angedhani ni ya pilau ya harusi.

Ganda la pai lilikuwa mtihani mkubwa zaidi. Unga wake unataka mafuta baridi yaliyoganda, na Novemba ya Unguja, pamoja na mvua zake za vuli, haina baridi ya kumkopesha mtu. Kwa hiyo Bi. Mwalimu aliamka kabla ya adhana ya alfajiri, akatoa samli aliyoilaza katika barafu, akaifikicha ndani ya unga kwa ncha za vidole peke yake, upesi upesi, kwa kuwa kiganja kina joto la kuiyeyusha. Tanuri hakuwa nalo, wala hakulitamani tena baada ya kujua siri ya jirani yake: sufuria nzito, tabaka la mchanga ndani yake, makaa chini na makaa juu ya mfuniko. Bibi yule wa Kiunguja hakutumia saa wala kipimo. Aliweka kiganja chake juu ya mfuniko kwa umbali wa shibiri moja, akanyamaza kidogo, kisha akaamuru, "Ondoa makaa mawili. Juu kunakimbia, chini kumelala." Nimewahi kuwasikia wahandisi wakizungumza juu ya mitambo kwa yakini ndogo kuliko ile.

Kulikuwa na jambo moja zaidi. Kwao bata mzinga huliwa na mchuzi wa tunda dogo jekundu, lenye uchachu mkali, linaloota katika mabwawa ya Massachusetts na Wisconsin, na ambalo halijapata kuota kwetu. Bi. Mwalimu alichukua choya, akalichemsha kwa sukari mpaka likashikana, na wageni waliofumba macho hawakuona tofauti. Waliofumbua waliona, wakaongeza.

Sijui kama wale wageni walikumbuka, walipokuwa wakila, kwamba karamu yao yenyewe ni ya watu wa ugenini. Mwaka 1621 Waingereza waliohamia Plymouth walisherehekea mavuno yao ya kwanza pamoja na Wawampanoag, wenye nchi, ambao walileta kulungu watano, na ambao mmoja wao ndiye aliyewafundisha wageni hao kupanda mahindi; pai haikuwapo, kwani hawakuwa na unga wa ngano wala siagi ya kuitosha. Jinsi wageni walivyowalipa wenyeji wao baadaye ni habari ya huzuni, nayo iliishia vitani mwaka 1675. Siku hiyo ilipata hadhi ya taifa zima baada ya bibi mmoja mwandishi, Sarah Josepha Hale, kuwaandikia marais kwa miaka mingi, hata Abraham Lincoln akaitangaza mwaka 1863. Na Amelia Simmons, ambaye kitabu chake cha upishi kilichapwa Hartford mwaka 1796, aliagiza kwamba boga lipikwe na lichujwe kabla ya kutiwa gandani. Kuchujwa, alisema; na kifumbu kilimngojea huku.

Wala pwani yetu si ngeni kwa Wamarekani. Sayyid Said bin Sultan alifanya nao mkataba mwaka 1833, na balozi wao mdogo, Richard Waters wa Salem, alifika Unguja mwaka 1837. Merikebu za kwao zilileta kitambaa cha merekani na kuondoka na pembe za ndovu, sandarusi na karafuu. Boga, mahindi na viazi vitamu asili yake ni bara lao la Amerika, na vilikwisha kuwa chakula chetu zamani sana kabla ya balozi huyo kushuka bandarini. Kwa hiyo Bi. Mwalimu alipokwenda sokoni hakuwa akitafuta badala ya kitu. Alikuwa akikutana na jamaa zake waliotangulia.

Bi. Mwalimu alirudi kwao uzee ulipomlemea, na karamu ikahamia hotelini. Nilialikwa. Boga lilikuwa la mkebe, kutoka Illinois, ambako hulimwa sehemu kubwa ya maboga ya mikebe. Ganda lilifika likiwa limegandishwa na kiwanda. Mchuzi mwekundu ulitolewa mkebeni ukiwa na umbo la mkebe. Kila kitu kilikuwa sahihi, na hapakuwa na mtu hata mmoja mezani ambaye ungeweza kumwuliza kilipikwaje. Watu wale wamesafiri maili elfu nyingi, wakakaa juu ya kisiwa cha karafuu, wakala karafuu ya unga iliyopita kiwandani mwao. Kama wale wa Plymouth wangalikuwa na tabia hiyo wangalikufa njaa.

Lakini lawama hii si yao peke yao, maana sisi tumewatangulia. Kifumbu sasa hutundikwa kwenye maduka ya watalii kuwa pambo. Tui hununuliwa katika boksi. Na mabinti wa nyumba zile zile zilizosifika kwa mkate wa kumimina hawajui tena makaa ya juu huzidi ya chini kwa kiasi gani, wala hawaoni haya kutokujua. Jirani wa Bi. Mwalimu yu hai, na hajapata kuulizwa.

Basi nawaomba ndugu zetu wa Marekani walioko pwani hii, Novemba ijayo, wapite Darajani kabla ya kwenda dukani, wagonge boga na kulisikiliza. Na mabibi wetu ambao mikono yao bado inaujua moto wa juu ya mfuniko, nawaomba wasingoje kuitwa.