Shukrani kwa Fundi Baiskeli

Baiskeli inayoshuka vilima vya Butiama na gunia la mahindi kwenye keria, au inayotoka mwaloni Musoma na dagaa, usalama wake uko mikononi mwa fundi asiyetajwa popote. Pale Bunda, kando ya lami, huzamisha tyubu kwenye karai la maji, akafuata mapovu hadi tundu la mwiba, akakwangua kwa msasa, akapaka solusheni na kusubiri ikauke kidogo ndipo abandike kiraka. Rimu iliyopinda huizungusha polepole, akikaza spoku huku, akilegeza kule. Gololi huzipaka grisi kwa kidole. Malipo ni madogo, pengine ahadi tu. Lakini mzigo hufika sokoni, na mwenye baiskeli hufika chini ya kilima akiwa mzima.