Wanankhucha na Bahari Mbili: Uhakiki wa Simulizi ya Wazigua wa Juba

Katika ibada moja hapa Mzinga tulisikia mahubiri juu ya Kutoka 14. Mhubiri, ambaye twamheshimu sana, alitoa mfano wa Wazigua waliokimbia vita vya Somalia tangu mwaka 1991, wakasafiri baharini na kufika Handeni, nchi walikotoka babu zao. Alieleza kwamba Mungu amewarudisha nyumbani kama alivyowavusha Waisraeli. Usharika ulifurahi, kwa maana Waluguru na Wazigua ni jamaa wa karibu kwa lugha. Sisi nasi tulifurahi. Lakini tulipoirudia simulizi yenyewe, kama ilivyoandikwa na wataalamu waliowasikiliza wazee wa bonde la Juba, tuliona kwamba haikubali kuvishwa vazi hilo.

Simulizi huanza na njaa. Yapata miaka ya 1830 mvua ilikosekana Uzigua, na wafanyabiashara wa pwani wakawaahidi watu kazi na chakula ng'ambo. Watu walipanda vyombo kwa miguu yao wenyewe. Walipofika pwani ya Benadir waligundua kwamba wameuzwa, wakawa watumwa katika mashamba ya kusini mwa Somalia. Jambo hili la kupanda kwa hiari ndilo linaloipa simulizi uzito wake. Katika Kutoka, bahari ni kizuizi ambacho Mungu hukiondoa. Hapa bahari ni shwari, chombo kipo tayari, na nahodha ni mwenye maneno mazuri. Msimulizi hamlaumu aliyedanganywa, wala hamwondolei aibu.

Ndipo anapotokea Wanankhucha. Ni mwanamke, mwenye karama ya kuona mambo yajayo, naye anawaongoza watumwa kutoroka. Nia yao ni kutembea kuelekea kusini mpaka wafike kwao. Wanafika Juba ya chini. Baadhi ya masimulizi husema ardhi ilitetemeka, naye akaipokea kuwa ishara. Akawaambia wakae hapo.

Msomaji aliyelelewa na Torati hutazamia kiongozi awafikishe watu, au afe mlimani huku akiiona nchi kwa mbali. Wanankhucha hafanyi hata moja. Anasimama kabla ya mwisho wa safari na kuligeuza pori kuwa makao. Wala ishara yake haikuwa ya kipuuzi. Misitu ya Juba ilikuwa na mbung'o, na kwa sababu hiyo wafugaji wenye nguvu hawakuitamani. Mtoro aliweza kulima humo. Kwa maoni yetu simulizi hii iko karibu na Yeremia 29, barua kwa watu wa uhamishoni, kuliko Kutoka 14. Tena, kwa msikilizaji wa Uluguru si ajabu kwamba mwenye kuamua mahali pa kukaa ni mwanamke, kwani hapa ukoo na ardhi vimehesabiwa kwa upande wa mama tangu zamani. Ajabu ni kwamba mhubiri, akiwa Uluguru, hakumtaja kabisa.

Bahari ya pili ni ya 1991. Serikali ya Siad Barre ilipoanguka mwezi Januari, wakulima wa Juba walijikuta hawana kabila lenye silaha la kuwatetea. Ghala zao ziliporwa, watu wakauawa. Wengi walikwenda kwa miguu hadi kambi za Dadaab nchini Kenya. Wengine walishika njia ya pwani, kwa majahazi, hata wakafika Tanzania. Pepo zinasema jambo hapa: kusi ndiyo ipelekayo vyombo kaskazini, kama vile vilivyowabeba babu zao kwenda kuuzwa, kaskazi huvirudisha kusini. Baba aliyewapakia watoto wake chomboni safari hii hakuahidiwa kitu. Alijua kwamba bahari yaweza kuwameza, akaipanda kwa kuwa nchi kavu ilikuwa imekwisha kuwameza majirani zake.

Kwa kadiri tulivyosoma, sehemu hii ya simulizi bado haijapata umbo. Husemwa kama orodha ya waliopotea, na hamna Wanankhucha ndani yake. Hapo ndipo mhubiri alipofanya haraka: alipoona hakuna kiongozi, akawaazima Musa. Lakini watu hawa walipokewa Handeni kama wakimbizi, kwanza Mkuyu, kisha Chogo tangu 2003. Lugha yao ilisikika, na bado walihitaji kuomba uraia, ambao serikali ilikubali kuwapa, nao ukachukua miaka. Mtu aliyerudi kwao haombi cheti cha kuwa wa hapo. Zaidi ya hayo, wengi wao ni Waislamu. Jambo hilo halikusemwa mimbarani, labda kwa sababu lingeuharibu mfano.

Tutaambiwa kwamba mahubiri si historia, na kwamba Paulo mwenyewe katika 1 Wakorintho 10 aliifanya bahari kuwa mfano wa ubatizo. Ni kweli, ila Paulo alikuwa akisema habari za baba zake mwenyewe. Na sisi Walutheri tunalo onyo la karibu zaidi. Katika mahubiri yake ya 1525 juu ya namna Wakristo wapasavyo kumtazama Musa, Luther alisisitiza kwamba haitoshi kujua kuwa neno ni la Mungu. Yapasa kuuliza limesemwa kwa nani. Swali hilo twaweza kuliuliza pia juu ya mateso ya jirani: ni ya nani, na nani ametupa ruhusa ya kuyafafanua? Wanafunzi wetu hufundishwa kuuliza hivyo juu ya kila aya ya Agano la Kale, kisha hupanda mimbarani na kuichukua habari ya mkimbizi kama tunda lililoanguka njiani.

Tulimweleza mhubiri haya baada ya ibada. Alitusikiliza kwa upole, akatuuliza ni somo gani tungelichagua. Tulitaja Yeremia 29. Akasema kwamba katika sura hiyo hakuna bahari, na kwamba usharika ulitaka kusikia habari za watu waliovuka. Tukaendelea kubishana mpaka kiza kikaingia na mlima ukafichika.