Tuzo Apewe Aliyerudi

Kuna sentensi ambayo msomaji wa magazeti ya Kiswahili anaweza kuimalizia kabla haijaisha: imeelezwa kuwa unyanyapaa bado ni changamoto katika mapambano dhidi ya ukimwi. Imeelezwa na nani? Na mgeni rasmi. Wapi? Kwenye semina, hotelini. Na anayeishi na virusi yuko wapi? Yuko aya ya tisa, amepewa jina moja lisilo lake na sentensi mbili za kuwashukuru wafadhili.

Mimi husoma habari za ukimwi kama ninavyosoma hadithi fupi. Natafuta nani anatenda, nani anatendwa, na nani amejificha nyuma ya kitenzi. Kwa kipimo hicho nyingi zinaanguka. Lakini si zote, na hizo zilizosimama hatuzitendei haki. Mwandishi mzuri tunampa cheti, tunapiga naye picha ya pamoja, tunampa ile hundi kubwa ya maonyesho, basi. Hatusemi alifanya nini ambacho wenzake hawakufanya. Sasa yule kijana wa redio ya wilayani anayetaka kuandika vizuri ajifunze wapi?

Jibu langu ni fupi: habari nzuri ya ukimwi huandikwa na mwandishi aliyerudi. Ukimwi si ajali ya basi, kwamba ukifika eneo la tukio umeshapata habari yote. Virusi hukaa mwilini miaka kabla mtu hajaumwa, na dawa humezwa kila siku, maisha yote. Mwandishi wa siku moja anaona kidonge. Hamuoni mtu akiamka siku ya mia nne kukimeza tena, au siku aliyoamua kutokimeza.

Nianzie mbali kidogo, Marekani, kwa sababu huko ndiko tuzo maarufu kuliko zote za uandishi wa habari ilikoliona jambo hili mapema. Mwaka 1988 Jacqui Banaszynski wa gazeti moja la St. Paul, Minnesota, alipewa Pulitzer kwa mfululizo wake "AIDS in the Heartland". Wakati huo ukimwi ulikuwa ukiandikwa kama habari ya New York na San Francisco. Yeye akaenda vijijini, kwa wapenzi wawili wanaume, Dick Hanson na Bert Henningson, watu wa shamba na bustani. Hanson alikuwa mkulima na mwanasiasa wa mashinani aliyejulikana kwa kuwatetea wakulima wenzake. Sehemu ya kwanza ilitoka Juni 1987. Mwezi uliofuata Hanson akafariki. Mwandishi hakuwa amefunga daftari. Alikuwepo kabla, alikuwepo kifo kilipokuja, na aliendelea kuandika kuhusu yule aliyebaki, ambaye naye alikuwa na virusi.

Angalia kazi hiyo ilivyopangwa. Msomaji hakuanza na ugonjwa. Alianza na jirani: mtu mwenye shamba, mwenye siasa zake, mwenye ndugu. Ugonjwa ukaja juu ya maisha ambayo msomaji alikwisha kuyajua. Siku kifo kilipotangazwa, aliyekufa hakuwa tena "mwathirika". Hilo halipatikani kwa ziara moja, hata ukiwa na kalamu ya dhahabu.

Mfano wa pili uko karibu zaidi nasi, Afrika Kusini. Jonny Steinberg alitoa kitabu "Three-Letter Plague" mwaka 2008. Alikwenda Lusikisiki, Rasi ya Mashariki, ambako Madaktari Wasio na Mipaka walikuwa wakitoa dawa za kufubaza virusi kwenye zahanati za vijijini. Dawa zipo, bure, karibu. Mwandishi mwingine angeishia hapo: mradi umefanikiwa, wananchi wameombwa kujitokeza kupima. Steinberg akauliza swali la pili: kwa nini basi kuna watu hawaendi? Akamfuata kijana mwenye duka dogo, aliyempa jina la Sizwe, ambaye hakutaka kupima.

Jibu analolileta limekaa kichwani mwangu miaka yote. Siku ya upimaji kijijini, watu walikaa nje wakiangalia mlango. Aliyetoka haraka alikuwa salama. Aliyekawia ndani na mshauri nasaha alikuwa ameshajulikana na kijiji kizima kabla hajavuka uwanja. Karatasi ya majibu ilikuwa siri, lakini dakika hazikuwa siri. Hakuna ripoti ya semina ingeliona hilo, maana semina huhesabu waliopima. Steinberg aliliona kwa sababu alikuwa akirudi kwa mtu yuleyule mpaka mtu huyo akachoka kumjibu majibu ya mgeni.

Sasa turudi nyumbani, mwaka 2011. Samunge, Loliondo. Mchungaji mstaafu wa Kilutheri, Ambilikile Mwasapile, alisema Mungu amemwonyesha dawa. Kikombe kimoja, shilingi 500, kinatibu ukimwi, kisukari, saratani. Magari yakapanga foleni ya kilomita nyingi, mengine kutoka nje ya nchi. Wapo waliofia njiani na kwenye foleni. Viongozi walipigwa picha wakinywa. Wagonjwa wengine wakaacha ARV.

Simlaumu mwandishi aliyekwenda. Habari ilikuwepo, na ilikuwa kubwa. Ninachokisoma kwenye habari zile ni umbo lake. Karibu zote zinaishia mgonjwa anaposhusha kikombe mdomoni. Foleni imeelezwa vizuri ajabu: vumbi, bei ya maji, nauli, wazee waliobebwa. Mgonjwa anasema anajisikia mwepesi. Nukta. Lakini yule mama akapanda gari, akarudi kwao Mwanza au Kisumu, akaviangalia vidonge vyake kabatini. Hapo ndipo hadithi ilipoanza, na mwandishi alishageuza gari. Waliorudi baada ya miezi kuuliza "mama, unaendeleaje, na kipimo kinasemaje?" walikuwa wachache mno.

Na kuna jambo linaloniuma zaidi. Mei mwaka huohuo yalitangazwa matokeo ya utafiti uitwao HPTN 052, uliofanywa kwa jozi 1,763 za wenza katika nchi 9, Kenya ikiwemo. Mwenye virusi akianza dawa mapema, uwezekano wa kumwambukiza mwenza wake ulipungua kwa asilimia 96. Yaani kidonge kilekile ambacho watu walikuwa wakikiacha ndicho kilichokuwa na habari njema ya mwaka. Mmoja alikuwa na foleni na picha, mwingine alikuwa na asilimia. Kwenye vijiwe vyetu sote tunajua nani alishinda. Hapo alihitajika mwandishi wa kumfuata mke na mume mmoja, mwaka mzima, mpaka ile asilimia ipate sura na sauti.

Kurudi kunabadilisha pia lugha. Mtaa haujawahi kukosa maneno. Kagera waliuita ugonjwa huu juliana, jina la vitambaa vya magendo vilivyokuwa vikipita mpakani. Mijini tukasema ngoma, tukasema fulani amekanyaga miwaya. Ni maneno makali, mengine ya kikatili, ila yana msemaji: unasikia woga wake na dhihaka yake. Gazetini yote yanafuliwa yanakuwa "janga", "waathirika", "wadau". Mwandishi akikaa na watu, anaanza kuandika wanavyozungumza wenyewe. Anagundua kwamba wapo wanaolikataa neno "mwathirika", kwa sababu linamfanya mtu awe kitu kilichogongwa. Sarufi nayo inabadilika: mtu anapata vitenzi vyake. Anakwenda kliniki, anagombana na mumewe, anauza mandazi, anaamua.

Tuna tuzo zetu. Baraza la Habari Tanzania na washirika wake huandaa Tuzo za Umahiri wa Uandishi wa Habari, EJAT. Ni kazi ya kupongezwa. Ninachoomba kwa majaji wa tuzo yoyote, kubwa au ya mkoani, ni maswali matatu wanaposhika habari ya ukimwi. Mwandishi amekwenda mara ngapi? Anayeishi na virusi ana vitenzi vingapi vyake mwenyewe? Na habari ilipotoka, mtu aliyeandikwa alisomewa? Hilo la tatu ni la usalama, maana jina la kubuni halimfichi mtu ambaye kijiji kinaijua rangi ya mlango wake.

Tena tuzo isiwe hundi peke yake. Mwandishi wa habari anayelipwa kwa kila habari inayotoka hawezi kurudi mara nne kijijini kwa habari moja. Atakula nini? Ndiyo maana anakwenda semina, kuna nauli na posho, wakati mwingine na bahasha. Mpeni aliyeshinda nauli ya mwaka na mhariri wa kumsubiri. Huko ndiko kutia moyo.

Naandika haya sasa kwa sababu mambo yanabadilika haraka. Mwaka 2024 utafiti Uganda na Afrika Kusini ulionyesha kwamba katika wanawake 2,134 waliochomwa sindano ya lenacapavir mara mbili kwa mwaka ili kujikinga, hakuna hata mmoja aliyeambukizwa. Januari 2025 Marekani ikasimamisha misaada yake ya nje, na kliniki nyingi za Afrika zikatikisika. Sindano mpya, fedha zinayumba: hapo uvumi hupata nafasi, na kikombe kingine hakikosi kuja. Posho za semina nazo zitapungua. Hilo peke yake silisikitikii sana, iwapo wasomaji na vyombo vyetu watakuwa tayari kuulipia muda wa mwandishi.

Kuna makala moja ambayo bado naisubiri. Mwasapile alifariki mwaka 2021. Waliokunywa kikombe chake wakaendelea na ARV kimyakimya wapo, na walioacha wakarudi kliniki kwa aibu nao wapo. Wengine leo wana wajukuu. Wanajua kuhusu imani, woga na dawa kuliko mgeni rasmi yeyote. Mwandishi atakayekwenda kukaa nao, akarudi, akarudi tena, mimi nitamsoma mpaka nukta ya mwisho.