Kufunga Daftari

Wiki ya mwisho kabla ya mitihani, maktaba za vyuo vikuu hujaa watu walioinamia madesa, kalamu za rangi mkononi, wakisoma ukurasa uleule kwa mara ya tano. Juhudi yao naiheshimu, lakini kudurusu hasa huanza pale daftari linapofungwa. Mwaka 2006, watafiti Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walichapisha majaribio waliyoyafanya kwa wanafunzi wa chuo kikuu huko Marekani. Kundi moja lilisoma kifungu kwa vipindi vinne. Jingine lilisoma kipindi kimoja, kisha kwa vipindi vitatu likakiandika kutoka kichwani. Baada ya dakika 5, waliorudia kusoma waliongoza. Baada ya wiki 1 walikumbuka asilimia 40 hivi, na wenzao 61. Maneno yaliyozoeleka machoni hutudanganya kwamba tumeyajua.

Tazama ufundi wenyewe mezani. Mwanafunzi wa udaktari anachukua karatasi tupu, anachora nefroni ya figo. Kapsuli ya Bowman inatoka bila shida. Akifika kwenye kitanzi cha Henle, kalamu inasita. Maji yanatoka upande unaoshuka au unaopanda? Hapo aliposita pana thamani kuliko kurasa kumi zilizopakwa njano, maana sasa anajua anachotafuta. Anafungua kitabu: maji hutoka upande unaoshuka, chumvi husukumwa nje upande unaopanda. Anakifunga, anachora upya. Keshokutwa tena, halafu wiki ijayo. Madrasa zetu za pwani zinaujua utaratibu huu tangu zamani: anayehifadhi Kurani husoma kwa moyo mbele ya mwalimu, msahafu umefungwa, na ya jana husikilizwa tena leo.

Atatokea wa kusema kwamba huko ni kukariri tu, na chuo kikuu hakitaki kasuku. Lakini kasuku hawezi kueleza kwa maneno yake kwa nini chumvi itoke pale na maji yabaki. Anayejieleza bila kutazama hulazimika kuelewa, la sivyo hukwama. Mwingine atasema muda hautoshi; hoja hiyo naikubali nusu. Aliyebakiwa na usiku mmoja, kurudia kusoma kutampa cha kuandika asubuhi. Ila figo haziishii kwenye karatasi ya mtihani. Zinamngoja wodini, kwa mgonjwa aliyevimba miguu, na dawa ya furosemidi atakayomwandikia hufanya kazi palepale, upande unaopanda wa kitanzi cha Henle.