Siti binti Saad na Ushahidi wa Vina

Mwanamke mmoja alitoka Dar es Salaam kwenda kutembea Unguja, akauawa huko. Mtuhumiwa akavuka bahari akatorokea bara. Kesi iliposikilizwa, adhabu ikawaangukia wanawake waliompokea mgeni yule. Siti binti Saad, mwimbaji wa taarab wa Unguja, akaliimba jambo hilo katika wimbo wa Kijiti, na hadi leo anayeujua wimbo anaijua kesi, hata kama hajaliona jalada la mahakama.

Hapo ndipo ninapouona utukufu wa kazi yake. Hasira ya mtaani huwaka, kisha hupoa. Ikitiwa katika vina na mizani haipoi upesi, maana kina humshikia msikilizaji maneno, na anayeitikia naye huwa shahidi. Wasiojua kusoma walibeba habari ile kichwani, wakaifikisha mbali.

Ufundi huo haukuanguka kutoka mbinguni. Siti alizaliwa katika kijiji cha Fumba, Unguja, karibu mwaka 1880, kwa wazazi wa asili ya utumwa, akakulia katika kazi ya ufinyanzi na kutembeza vyungu. Alihamia mjini mwaka 1911, akajifunza kuimba na kuisoma Kurani akiwa mtu mzima. Taarab ya kasri la Sultani ilikuwa ya Kiarabu. Yeye akaitia Kiswahili cha watu wa Ng'ambo, upande wa mji walikoishi wanyonge, na nyumbani kwake huko walikutana jioni yeye na wanamuziki wenzake, akina Subeti Ambar, Buda Swedi na Maalim Shaaban. Walizungumza yaliyojiri mjini: karani aliyekula fedha za watu, mume anayempiga mkewe, hukumu isiyo haki. Udi na fidla vilikuwapo, lakini mimi nasema chombo kikuu pale kilikuwa mazungumzo yenyewe. Shairi lilipikwa na wengi, likatoka kwa sauti moja.

Mwaka 1928 walikwenda Bombay kurekodi kwa kampuni ya santuri ya HMV, na santuri zake zikaenea pwani nzima.

Waliomhusudu walimwimbia kejeli, wakimkumbusha alikotoka na kuidharau sura yake. Angeweza kurudisha tusi kwa tusi. Alichagua kuwajibu kwa wimbo kwamba uzuri wa sura si kitu mbele ya akili. Kwangu huo ndio ushairi wa kumtetea mwanamke ulio mkali kuliko wote: haukuomba asifiwe, ulibadili kipimo.

Alifariki mwaka 1950. Mwandishi Shaaban Robert aliandika wasifu wake, na wanahabari wanawake wa Tanzania walipoanzisha jarida lao waliliita Sauti ya Siti. Mwalimu wa fasihi unayefundisha Wasifu wa Siti binti Saad, usiishie kwenye kitabu. Wawekee wanafunzi wimbo wa Kijiti darasani, wausikilize mpaka mwisho, kisha waulize ni nani aliyestahili kuhukumiwa katika kesi ile.