Karatasi ya Katikati

Joto la bonde la Rukwa halipendi santuri. Ukishuka kutoka Sumbawanga, ukaiacha baridi ya Ufipa kule juu ya ukingo wa Lyamba lya Mfipa, ukafika Mtowisa saa nane mchana, utaelewa kwa nini sahani nyingi za miaka ya sabini zimepinda kama chapati iliyosahauliwa juani. Lakini hata iliyopinda, karatasi yake ya katikati bado husomeka, na kazi ya kuisoma karatasi hiyo ndiyo ninayoisifu.

Nilifundishwa na fundi redio mmoja pale sokoni, ambaye siku hizi anaishi kwa kubadilisha vioo vya simu. Nilimpelekea sanduku la marehemu baba mdogo: sahani kumi na moja, majalada yote yameliwa na panya. Sikumwona akikimbilia kuzipiga. Alizishika moja moja kwa kingo, viganja viwili vimeibana sahani kama mtu anayepokea sinia la wali wa moto, akazigeuzageuza kwenye mwanga wa mlangoni. Halafu maji safi, tone la sabuni, kitambaa cha pamba, na mkono unafuata duara la mifereji bila kuikatiza. Maji yasiguse karatasi. Ikilowa, jina la mtunzi limekwenda na wino. Mkanda wa mashine ulikuwa umekatika siku nyingi, akakata pete kwenye tyubu ya baiskeli. Sauti ilitoka imelewa kidogo, nasi tukaisikiliza hivyo hivyo.

Kuosha kukiisha ndipo anasoma. Bendi, mtunzi, lebo, namba. Kisha anainamisha sahani aone namba iliyokwaruzwa pale mifereji inapoishia, maana karatasi yaweza kubandikwa kwenye sahani isiyo yake.

Na karatasi ina mambo. Sauti ni ya Dar es Salaam au Morogoro, chapa ni ya Nairobi. Miaka ile Tanzania haikuwa na kiwanda cha kufyatua santuri. Bendi ilirekodi Redio Tanzania ikasikika nchi nzima, lakini wimbo ukitaka kuushika mkononi, sharti kwanza uende Kenya. Ndiyo maana tunakutana na Moto Moto, lebo ya Nairobi iliyotoa nyimbo za bendi zetu, au Equator ya Charles Worrod, au Mzuri ya akina Assanand wa Mombasa. Februari 1977 mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa, na ulipofunguliwa tena mwaka 1983, kaseti zilikwisha kutawala.

Kuna muziki mwingine ambao karatasi hizo hunikumbusha: soul ya Marekani, ambayo ilitufikia kwa ugomvi. Novemba 1969 muziki huo ulipigwa marufuku Dar es Salaam, mwaka ule ule wa Operesheni Vijana iliyowinda sketi fupi na suruali za kubana. James Brown, mwimbaji wa soul, akageuka mhalifu. (Hadi leo najiuliza askari alipewa kipimo gani cha kutenganisha soul na twist.) Mwaka uliofuata, jijini humo humo, ikazaliwa bendi ya Sunburst: James Mpungo akiimba, Hembi Flory Kongo kwenye gitaa, soul na roki na ngoma za kwetu katika chungu kimoja, mtindo wakauita Kitoto Sound. Albamu walitoa moja tu, Ave Africa, nayo waliirekodi Zambia mwaka 1976. Sisi wa Ufipa hilo halitushangazi. Kwetu Zambia ni jirani, Dar ndiyo safari. Miaka 40 ikapita hadi Strut, lebo ya London, ilipoitoa upya mwaka 2016.

Sina ugomvi na London; bila wao nisingeisikia. Ila kazi ya kufufua santuri huanzia palepale, iwe London au Mtowisa: mtu kasoma karatasi, kaanza kuuliza huyu ni nani, yuko wapi, ana watoto? Wimbo kuupenda ni rahisi. Kumdai mwenye wimbo arudishiwe jina lake, hapo ndipo ufundi ulipo.

Katika zile kumi na moja kulikuwa na moja iliyotutoa jasho. Baba mdogo alikuwa ameandika kwa kalamu ya wino, kwa mwandiko wa majivuno, “Mali ya” na jina lake kamili, palepale juu ya jina la mtunzi. Fundi aliiinamisha kwenye mwanga, akasogeza kioo cha kukuzia, akapata herufi tatu za mwanzo. Zaidi ya hapo hakuna. Jina la mnunuzi tunalo. La mtunzi bado tunalitafuta.

Kama kwenu kuna sanduku darini, lishushe kabla ya jua la Oktoba. Sahani zisimame wima kama vitabu, zisilale moja juu ya nyingine. Na kabla hujahangaika kutafuta mashine ya kuzipigia, chukua daftari unakili kilichoandikwa pale katikati, namba kwa namba, jina kwa jina.